Kaburi la golikipa asiyekosa mechi

Wiki hii safu yako haitoki ufukweni wala kwenye hoteli yenye bwawa la kuogelea. Natoka Ikungi, mkoani Singida. Ninapoandika hapa nimekaa juu ya mifuko ya saruji nyuma ya nyumba ya mama yangu, na upepo wa kwetu unataka kuninyang'anya karatasi kila dakika.

Kama hupajui Ikungi usione aibu. Wengi mnapapita mkiwa mmelala basini, mdomo wazi, mnaenda zenu Mwanza. Safari yenyewe siku hizi imekuwa laini. Nilipanda treni ya umeme Dar, nikashuka Dodoma nikiwa bado na hamu ya kuendelea kukaa, nikaenda stendi ya Nanenane na kudaka basi la Singida. Bahi hiyo, Manyoni hiyo, Issuna hiyo. Ukianza kuona mawe makubwa yamebebana kama mama na mtoto mgongoni, magunia ya alizeti kando ya barabara, na watu wanakimbilia madirishani na kuku wa kienyeji kila basi likipunguza mwendo, mwambie konda akushushe. Umefika kwetu.

Lakini safari hii sikufuata kuku. Nimekuja kujengea kaburi la kaka yangu aliyefariki mwaka 1999. Na stori ya kaburi hili siwezi kukupa mpaka nikupe na ya kaburi jingine, lililoko mbali sana na hapa, kwenye mji wa theluji unaoitwa Chicoutimi, nchini Canada. Usicheke. Ndani ya makaburi yote mawili wamelala magolikipa, na wote wawili waliondoka kwa ugonjwa mmoja na kwa kosa moja.

MWAMEJA WA IKUNGI

Jina la kaka nyumbani nitalihifadhi. Mtaani aliitwa Mwameja. Miaka ile karibu kila kijiji kilikuwa na Mwameja wake, maana mwaka 1993 Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF na langoni alikuwa Mohamed Mwameja. Kule Abidjan walitoka suluhu na Stella, nchi nzima tukajua kombe tayari liko kabatini. Halafu wakaja kufungwa 2-0 nyumbani, Dar es Salaam. Nakumbuka kaka alizima redio, akatoka nje, akaenda kukaa juu ya jiwe mpaka giza likaingia. Ungedhani mabao yale kafungwa yeye.

Uwanja wetu haukuwa na nyasi. Ulikuwa kokoto tupu, na golikipa akiruka anaacha ngozi yake pale. Kaka alikuwa anavaa suruali mbili, moja juu ya nyingine, na glovu za mafundi ujenzi. Mimi nilikuwa mdogo, kazi yangu kuokota mipira nyuma ya goli lake. Nilijiona bosi kuliko mwamuzi.

Sifa yake kubwa haikuwa kuruka. Sifa yake ilikuwa kuwepo. Washambuliaji wanaumwa malaria, mabeki wanakwenda minadani kuuza ng'ombe, kocha mwenyewe anaweza asionekane. Mwameja yupo. Babu yetu alipofariki, kaka alishika jembe la kuchimbia kaburi asubuhi, jioni akasimama golini. Wazee walinuna, lakini timu ilishinda.

Mwaka 1996 akala kona kwenda Mererani kutafuta tanzanite, akawa mwanaapolo kama vijana wengi wa mikoa ya kati. Akarudi 1998 na redio kaseti, jinzi mbili na kikohozi. Jinzi moja akanipa mimi. Kikohozi akakaa nacho mwenyewe.

Siku moja, muda mfupi kabla ya mapumziko, nilimwona ameinama nyuma ya mlingoti. Alikohoa, akatema, akafuta mdomo kwa glovu. Ile glovu ilikuwa nyeupe, kwa hiyo hakuna cha kubishana. Ilikuwa damu. Akanitazama, akaniambia, "Dogo, usimwambie mama. Jumapili tunacheza na Puma."

Sikumwambia. Ndugu yangu msomaji, ulizaliwa lini sijui, lakini mwenye kuikumbuka miaka ile anajua. Mtu akikohoa na kukonda, maneno yalikuwa mawili tu. Ama amelogwa, ama amekanyaga miwaya. Hakuna aliyeulizia vipimo. Jina la gonjwa lile lilitangulia kufika kabla ya mgonjwa mwenyewe kufika hospitali, na likishafika, hata kikombe chako cha chai kinatengwa. Kaka aliona bora afe akiitwa golikipa.

Jumapili alicheza. Tuliwafunga Puma 1-0 na wakambeba juu juu. Mwaka uliofuata walimbeba tena, safari hii kwa jeneza. Walimwekea mawe na msalaba wa mti, na mchwa wakala ule msalaba nikiwa bado shule ya msingi.

DEREVA WA BUKAVU

Sasa turuke bahari. Februari 2023 nilikuwa Montreal, Canada, kwenye kozi fupi. Baridi ya kule usiombe. Ukitoa pumzi inageuka moshi, ndevu zinaota barafu, na Mtanzania anajifunza kusali upya.

Kule mtu hakuulizi timu yako ya soka. Anakuuliza hoki, tena si hoki ya uwanjani tunayoijua sisi, ni ile ya kwenye barafu. Wachezaji wanateleza na viatu vyenye visu chini, wanagombea kisahani cheusi cha mpira mgumu, na wakigombana wanavua glovu wanazichapa kweli kweli huku watu wanashangilia. Mimi ujuzi wangu wa magongo uliishia Moscow, kwenye Olimpiki ya 1980. Timu yetu ya taifa ilikwenda, ikapangwa na India, ikala 18-0. India hao ndio walichukua dhahabu, kwa hiyo tulifungwa na wakubwa. Tuliache hilo.

Basi bwana, usiku mmoja nilipanda teksi, dereva akanisikia naongea na simu kwa Kiswahili. Kumbe mzee wa Bukavu! "Weye ni wa Tanzania? Karibu sana ndugu yangu, huku iko baridi mingi." Redioni walikuwa wanatangaza mechi na jina moja likawa linarudi rudi: Vezina, Vezina. Nikamuuliza huyo Vezina anachezea timu gani, maana anatajwa kuliko wote.

Mzee alicheka mpaka akapunguza mwendo. Akaniambia Vezina si mchezaji wa leo. Ni kombe. Kila mwaka golikipa bora wa ligi kuu ya kule, ile ya NHL, anapewa Kombe la Vezina. Mwenye jina alikuwa golikipa wa Montreal zamani sana. Alianguka mechini akiwa golini, akafa kwa kifua kikuu.

Nilinyamaza mpaka tulipofika. Nilipotaka kulipa nikamuuliza amezikwa wapi. Akasema, kwao, Chicoutimi. "Mudogo wangu anakaa kule, atakupokea."

KIJANA WA MWOKA MIKATE

Kutoka Montreal hadi Chicoutimi ni zaidi ya kilomita 450. Unakwenda na basi mpaka mji wa Quebec, halafu unapanda kaskazini katikati ya hifadhi ya msitu isiyo na kijiji wala kibanda cha chipsi. Miti ya misonobari na theluji, theluji na misonobari. Ukifika unakuta mto mpana unaitwa Saguenay. Jina Chicoutimi limetokana na lugha ya Wainnu, wenyeji wa asili wa pale, na maana yake ni kwamba kina kirefu cha maji kinaishia hapo. Tangu mwaka 2002 mji umeunganishwa na jirani zake ukawa sehemu ya jiji la Saguenay, lakini jina la zamani halijafa.

Yule mdogo wa dereva alinipokea stendi na koti la ziada mkononi. Kitu cha kwanza alichonionyesha ni nyumba ndogo nyeupe iliyosimama peke yake juu ya mwamba. Julai 1996 mafuriko makubwa yalibeba nyumba za jirani, maji yakapita pande zote za kijumba kile, chenyewe kikabaki. Wamekigeuza makumbusho. Kwa hiyo nikawaelewa watu wa kule mapema: wanapenda kitu kisichoondoka mahali pake.

Georges Vézina alizaliwa hapo tarehe 21 Januari 1887, mtoto wa mwisho kati ya 8. Baba yake alikuwa mwoka mikate aliyehamia kutoka Ufaransa. Georges aliacha shule akiwa na miaka 14 akamsaidie baba kazi. Magongo alicheza mitaani kama sisi tulivyocheza chandimu, na inasimuliwa kwamba hakuvaa viatu vya kutelezea mpaka alipokuwa na miaka 16. Golini alisimama na buti zake za kawaida.

Tarehe 17 Februari 1910 timu kubwa ya Montreal, Canadiens, ilikuja Chicoutimi kucheza mechi ya kirafiki. Wakubwa wale walidhani wanakuja kutembea. Kijana wa mwoka mikate hakuruhusu hata bao moja. Golikipa wa Canadiens mwenyewe, Joseph Cattarinich, alikuwa golini upande wa pili anaangalia. Unajua alifanya nini? Aliwaambia viongozi wake wamsajili yule kijana achukue nafasi yake. Niambie ni golikipa gani wa leo anaweza kufanya hivyo!

Tarehe 31 Desemba 1910 Vézina alianza kazi. Na hapo ndipo kaka yangu alipoingia akilini mwangu, kwa sababu kuanzia siku ile Vézina hakukosa mechi. Alicheza mechi 327 za ligi mfululizo, na juu yake 39 za mtoano. Miaka 15 bila kusema leo sijisikii.

Kumbuka enzi zile golikipa hakuwa na barakoa. Barakoa ilianza kuzoeleka baada ya Jacques Plante, wa timu hiyo hiyo ya Montreal, kuivaa mwaka 1959. Vézina alisimama uso mtupu mbele ya kisahani kigumu kinachokuja kama jiwe la manati. Tena mpaka msimu wa 1917-18 sheria zilimkataza golikipa kujilaza kwenye barafu, ukijilaza unaadhibiwa. Unatakiwa usimame wima, utulie, utumie akili na gongo. Yeye alitulia kupita kiasi, ndiyo maana wakampa jina la Tango la Chicoutimi. Kule kitu kilichopoa wanakifananisha na tango.

Alitwaa Kombe la Stanley mara mbili akiwa na Canadiens, 1916 na 1924. Februari 18, 1918 akawa golikipa wa kwanza katika NHL kumaliza mechi bila kufungwa, walipowachapa Toronto 9-0. Msimu ukiisha alirudi zake Chicoutimi kwenye kiwanda chake cha kutengeneza ngozi. Hakuwa mtu wa kelele. Kiingereza kilimpiga chenga, kwa hiyo waandishi wa habari hawakumsikia sana, na bosi wa timu, Leo Dandurand, akawa anamsemea. Siku moja akawachomekea kwamba Vézina ana watoto 22. Magazeti yakadaka, yakachapa, dunia ikaamini. Kumbe watoto waliobaki hai walikuwa wawili tu. Unaona? Udaku haukuanzia kwetu.

DAKIKA 20 ZA MWISHO

Mwaka 1925 akaanza kukonda. Katika wiki chache alipungua kama kilo 16. Ungedhani mtu angemkalisha benchi, lakini nani amkalishe mtu ambaye hajawahi kukosa? Na yeye mwenyewe hakusema.

Novemba 28, 1925 Canadiens walicheza na Pittsburgh nyumbani Montreal. Vézina alikuwa na homa ya karibu nyuzi 39. Alicheza kipindi cha kwanza chote, na mchezo wao una vipindi vitatu vya dakika 20. Hakufungwa. Soma tena: mapafu yanaoza, homa juu, na hakufungwa. Wakati wa mapumziko akatapika damu. Akarudi golini. Kipindi cha pili kilipoanza akaanguka pale pale langoni, wakambeba kumtoa, akaingia mwingine.

Kesho yake daktari akasema ni kifua kikuu. Tarehe 3 Desemba alirudi kwenye chumba cha kubadilishia nguo kuwaaga wenzake. Dandurand alisimulia baadaye kwamba alimkuta amekaa kwenye kona yake, anatazama vifaa vyake vya golini, machozi yanamtiririka. Akaomba kitu kimoja tu: apewe fulana aliyoivaa kwenye fainali yao ya mwisho. Akaondoka nayo kwenda Chicoutimi. Alifariki hospitali ya kwao tarehe 27 Machi 1926, akiwa na miaka 39. Msimu uliofuata wenye timu wakatoa kombe lenye jina lake, mmoja wao akiwa Cattarinich yule yule aliyemwachia lango. Mwaka 1945, Ukumbi wa Mashujaa wa Hoki ulipowapokea watu wake wa kwanza, Vézina alikuwamo.

KWENYE THELUJI

Makaburi ya Saint-François-Xavier tuliyafikia mchana, baridi nyuzi 20 chini ya sifuri. Theluji ilifika magotini. Tulihangaika, kijana wa Bukavu anafuta jiwe hili, mimi nafuta lile, mpaka glovu zikalowa. Halafu jina likatokea chini ya kiganja changu.

Nilitegemea kuona kitu cha kutisha. Hakuna. Hakuna sanamu ya kukutazama wala askari wa kukulipisha kiingilio. Ni mtu amelala katikati ya watu wa kwao, chini ya theluji ile ile. Kijana wa Bukavu alivua kofia, nami nikavua, masikio yakawaka moto. Akaniuliza, "Huyu ni nani yako?" Nikataka kucheka. Nikajikuta namwambia habari ya glovu nyeupe, habari ambayo nilikuwa sijamwambia mtu yeyote kwa miaka 25.

Kuna jambo moja liliniuma pale kuliko baridi. Vézina alipougua, dawa ya kifua kikuu ilikuwa haijapatikana duniani. Mdudu wake alikuwa anajulikana tangu 1882 alipogunduliwa na Robert Koch, lakini dawa ya kwanza ya maana, streptomisini, ilikuja 1943. Hata angesema mapema, madaktari wangempa kitanda, hewa safi na maziwa. Mwaka ule ule aliokufa, 1926, ndio ilipoanza Kibong'oto kule Kilimanjaro, hospitali ya wagonjwa wa kifua ya nchini kwetu, na wao pia hawakuwa na zaidi ya hapo.

Kaka yangu alikufa 1999. Dawa zilikuwepo. Zilikuwa za bure. Tena Tanzania ndiyo iliyofundisha wengine. Kuanzia 1977 Dk. Karel Styblo alifanya kazi na mpango wetu wa taifa wa kifua kikuu, na utaratibu uliopatikana hapa, wa mgonjwa kumeza dawa mbele ya mtu anayemsimamia, Shirika la Afya Duniani likauchukua miaka ya 1990 na kuupeleka nchi kibao. Dunia nzima inatuiga, na Mwameja wa Ikungi anafia ndani, kwa sababu ya mechi na Puma, na kwa sababu mdogo wake aliambiwa anyamaze akanyamaza.

Vézina alikosa dawa. Kaka alikosa mtu wa kusema. Hapo ndipo nilipoamua, miguu ikiwa imekufa ganzi, kwamba nitakwenda Ikungi kumjengea kaburi, na nitamwambia mama.

FULANA

Kusema rahisi, kufanya ndiyo kasheshe. Nimechukua muda kupata pesa na, nikuambie ukweli, kupata moyo. Wiki hii ndiyo nimefika. Juzi usiku, baada ya ugali wa uwele na mlenda, nikakaa karibu na mama jikoni. Amezeeka sasa, macho yamepungua nguvu, ila masikio bado ya kijana.

"Mama, kuna kitu cha kaka sikuwahi kukwambia."

"Sema mwanangu."

Nikasema. Mlingoti, glovu, Jumapili, Puma. Nilisema haraka haraka kama mtoto aliyevunja chungu. Nikamaliza nikasubiri. Kuni zikalia mara mbili tatu.

"Mwanangu," akasema, "fulana zake nani alikuwa anafua?"

Nikanyamaza.

"Nilikuwa nafua mimi. Nilikuwa nafua usiku, ili jirani asione maji. Nilijua kabla yako." Akachokonoa moto. "Niliogopa lile jina. Nilisema, akienda kupimwa wakamwambia lile jina, nitamweka wapi mtoto wangu. Kumbe halikuwa hata lenyewe."

Basi. Miaka yote hiyo kila mtu chini ya paa moja alikuwa analinda goli lake peke yake. Kaka anamficha mama, mama anawaficha majirani, mimi nawaficha wote. Na mpira ukapita katikati yetu.

Hatukulia sana. Mama aliniambia nikalale, fundi anakuja asubuhi.

TANGU LINI?

Leo kazi imeisha. Fundi ni kijana wa hapa hapa, na ni golikipa wa timu ya mtaa. Tumepanga mawe ya kwetu pembeni, maana Ikungi kununua mawe ni kichekesho, juu tumeweka saruji na vigae vya rangi ya udongo. Fundi alipouliza aandike nini, nilikuwa na maneno mengi kichwani, nilishayaandaa tangu Canada. Mama akanikata. "Andika jina lake na miaka yake. Chini yake andika golikipa."

Ndivyo ilivyoandikwa. Hatuna kombe la kuliita jina lake kila mwaka, lakini jioni hii watoto walikuja na mpira wa makaratasi, wakasoma kwa sauti, na mmoja akauliza alidakia timu gani. Fundi akawa anamsimulia ile mechi na Puma, ambayo hakuwepo. Amewafanya Puma wapige penalti mbili. Nimemwacha.

Kitu kingine nimekigundua safari hii. Wanangu wa mtaani hapa wana utani na mama. Wakimwona anakuja wanabana kikohozi. Kumbe tangu kaka aondoke, mama hamwachi mtu. Ukikohoa mbele yake, sokoni, msibani, kwenye foleni ya maji, anakusimamisha: "Tangu lini?" Ukisema wiki mbili, atakufuata mpaka zahanati ukateme kwenye kikopo wakapime. Wanamwona msumbufu. Lakini vijana kadhaa walioanzia kwenye kikopo kile wamemeza vidonge vyao miezi 6, bure, wamepona, na wawili wako uwanjani jioni hii. Wala usiseme hiyo ni habari ya vijijini. Wewe unayebanana kwenye daladala na mwendokasi, unayevuta vumbi la vigae kwenye ujenzi, unayekaa watu 5 chumba kimoja Manzese, kikohozi cha wiki mbili si mafua. Kapime. Na kama ni cha mwenzako, mwambie. Akinuna, atanuna akiwa hai.

Natakiwa kufunga maana basi la alfajiri halisubiri na mama ameshanifungia chupa ya asali, kuku wawili na nusu gunia la vitunguu, kana kwamba Dar hakuna chakula. Vumbi la saruji limeniingia kooni, nimekohoa mara moja tu, kidogo.

Kutoka ndani nimesikia: "Tangu lini?"

Tukutane wiki ijayo.